Siku Tulipoziondoa Manga Maktabani

Mwanangu, nilipokuwa msichana wa umri wako, kwetu karibu na Kapkatet, kuna siku moja ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo. Nilikuwa nimeazima riwaya ya mapenzi kwa rafiki, nikawa naisoma nyuma ya zizi. Baba akanikuta. Alikuwa tayari ameinua mkono aitupe motoni, ndipo nyanya yangu akamzuia. Sisi huku nyanya tunamwita Kogo. Yeye hakujua kusoma, lakini aliniambia nikae nimsomee. Nikasoma mpaka nikafika mahali ulimi ukanikauka kwa aibu.

Kogo hakunichapa. Alimgeukia baba. "Umesikia amenyamaza wapi? Sasa unajua pa kuongea naye. Ungechoma, ungejua nini?"

Basi nikawa mwalimu, nikazeeka, nikastaafu, na sasa niko kwenye kamati ya maktaba ndogo ya mji wetu, hapa upande wa Litein. Mwaka juzi tulipata mkutubi kijana, Odhiambo. Wazazi wake walitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kiwandani, yeye akazaliwa hapahapa kwenye majani chai. Aliwapenda vijana, na ndiye aliyeleta manga, zile komiki za Kijapani zinazofunguliwa kuanzia nyuma. Akabandika mlangoni karatasi ya vitabu anavyopendekeza kwa vijana, na juu kabisa akaandika hadithi ya msichana aliyefiwa na mama yake, yenye vitabu saba. Vijana wakajaa. Hata wa bodaboda walikuwa wanaegesha pikipiki na kuingia.

Jirani yangu Koech alikuwa amefiwa na mke. Binti yake Chelang'at, wa kidato cha pili, alikuwa hajasema neno la maana tangu mazishi. Jioni moja akaja jikoni kwangu na kitabu kimojawapo.

"Kogo," akaniambia, "huyu msichana anajiumiza mwenyewe. Mbona hakuna mtu anamuuliza kwa nini?"

Nikateleka chai, mimi nikamuuliza yeye kinachomuumiza. Akalia, akamtaja mama yake kwa jina, tukakaa mpaka baba yake akamwita.

Baadaye nilivaa miwani nikavisoma vyote saba. Vitatu vya kwanza vilikuwa vizuri. Ningempa mjukuu wangu. Vilivyofuata vilizidi kuwa vizito, na viwili vya mwisho mimi mzee niliona haya kuvishika. Damu, na mambo ya chumbani yaliyochorwa wazi, tena msichana mwenyewe bado ni mtoto. Nikaenda kwa Odhiambo.

"Umevisoma vyote?"

Akainamisha kichwa. "Vitatu, mwalimu. Hivyo vingine niliamini tu."

"Basi vya mwisho viondoe kwenye rafu ya watoto. Hivi vya kwanza vibaki, na ukae nao mkivisoma."

"Nikitoa kimoja watataka vyote," akasema.

Kuhusu vitabu alikosea. Kuhusu watu, hakukosea.

Haikupita muda mrefu, mzazi mmoja akapiga picha ukurasa wa kitabu cha mwisho na kuituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha kanisa. Tukaitwa mkutanoni, na ukumbi ukajaa. Koech alisimama akakiinua kitabu hicho juu. "Hiki ndicho kimemharibu mtoto wangu! Haongei na mimi, anaongea na hizi picha!"

Nikauliza nani pale amekisoma. Hakuna mkono ulioinuka. Nikaeleza kipi kinafaa na kipi hakifai, mama mmoja akanikata: "Mwalimu, sumu ni sumu, hata iwe kijiko." Naye Odhiambo, kwa hasira ya ujana, akasema ama vyote vibaki ama yeye aende. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi yenyewe, yaani wale vijana, ilikuwa nje imeegemea ukuta, inasikia kila neno. Ningeweza kumwambia Koech kwamba kitabu hicho ndicho kilichomfungua mtoto wake mdomo. Lakini siri ya Chelang'at haikuwa yangu kuimwaga mbele ya watu. Nilikusudia kumwona Koech kwake kesho yake.

Mkutano ukaamua, na manga zote zikatiwa kwenye katoni. Odhiambo akaondoka. Koech hakunifungulia mlango, na akamkataza binti yake kukanyaga kwangu. Vijana hawakuacha kusoma, usidanganyike. Wanasoma kwenye simu, vilevile vya mwisho na vibaya zaidi, na hakuna mtu wa kuwauliza kitu.

Juzi nilimkuta Chelang'at kwenye kituo cha kupimia majani chai, amebeba kikapu. Siku hizi haendi shule kila siku.

"Unasoma nini, mama?"

"Sisomi, Kogo."

"Na moyo?"

"Niko sawa."

Jua lilikuwa kali, wote tumekunja mikono ya nguo. Yeye alikuwa amevaa sweta, mikono imevutwa mpaka kwenye vidole. Nilipotaka kumshika, akarudi nyuma, nami nikamkumbuka yule msichana wa kitabuni anayejiumiza. Nimemweleza mwalimu mkuu, akasema atamwita. Nimetuma wazee kwa baba yake, wakarudi na maneno makavu. Kila jioni nasikia mlango wao ukifungwa, na sijui nigonge wapi tena.

Mwanangu, ukiniuliza kama manga ya watu wazima iwekwe kwenye vitabu vinavyopendekezwa kwa vijana, nitasema hapana, na asiyesoma kitabu mpaka mwisho asimpendekezee mtoto wa mwenzake. Lakini usije ukamnyang'anya mtoto kitabu kabla hujamuuliza amekutana na nini humo, maana ukikichukua unaweza kuondoka na mlango wake pekee wa kutokea. Na wewe unayesoma peke yako, ukurasa ukikuuma, usiufunge ukanyamaza. Tafuta mtu mzima. Wa kwanza akikufukuza, nenda kwa wa pili. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mimi nimezeeka na sioni kama tunasikia. Ila baraka bado ninayo, nayo nakupa: Mungu akupe mtu wa kukuuliza, na siku akikuuliza, akupe ulimi wa kumjibu.