Mgongo wa Bibi Tadea

Jamani, mama mdogo wangu Otilia akicheka, kuku wanakimbia jikoni! Yeye ni mtu wa ziwani, kazaliwa ufukweni kabisa kule Nyasa, akaolewa na baba mdogo huku kwetu Mapera kwenye kahawa. Mpaka leo akila ugali bila samaki anasema hajala, kachosha meno tu. Mimi nampenda balaa. Naandika haya kwa sababu watu wamemsema mpaka basi, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza.

Mwaka jana alipata kazi kwenye kituo kimoja cha wazee, nje kidogo ya Mbinga mjini. Kufua na kuogesha. Ijumaa jioni akirudi anatusimulia wazee wake kama tamthilia, hasa Bibi Tadea wa hapahapa Mapera. Bibi watoto wote wamemfia, miguu haifanyi kazi, ila mdomo sasa! "We Mnyasa, nisugue taratibu," anamwambia, "mimi siyo dagaa wa kwenu." Tunacheka mpaka machozi.

Halafu mama mdogo akaanza kurudi kimya.

Msimamizi wa kile kituo, Zabron, alikuwa anawakataza wazee maji ya kunywa kuanzia saa tisa mchana, eti wasikojoe kitandani. Wakikojoa wanalala hivyohivyo. Jumamosi na Jumapili, mama mdogo akiwa nyumbani, hakuna wa kuwageuza. Bibi Tadea mgongo ukaoza. Kidonda kimoja, mama mdogo alituonyesha kwa mkono, kinaingia ngumi ya mtoto.

Akamfuata Zabron. Zabron akamcheka. "Otilia, wewe ni wa kufua. Udaktari ulisomea wapi, kwenye mtumbwi?"

Akaenda kwa afisa ustawi. Afisa akaja kweli, akasimama katikati ya vitanda, Zabron pembeni yake.

"Shikamooni wazee. Mnaendeleaje?"

"Marahaba, mwanetu. Tunaendelea vizuri."

Sasa ulitaka waseme nini? Nani anamjibu mgeni "vibaya", tena hajakaa hata kwenye kiti? Afisa akaandika vizuri, akaondoka.

Basi ikafika Kwaresima. Kila Kwaresima akina mama wa parokia wanakwenda pale na sabuni na sukari, wanaimba, wanapiga picha. Siku hiyo Zabron anatoa mashuka mapya kabatini, wageni wakiondoka anayarudisha. Siku moja kabla, mama mdogo akamwinamia Bibi.

"Bibi, kesho wakija nikufunue mgongo, waone."

"Mbele za watu? Mgongo wangu kauona marehemu mume wangu peke yake, na taa ilikuwa imezimwa!"

"Wanawake watupu, Bibi. Nakuapia."

Bibi akalivuta shuka mpaka kidevuni. Mwisho akasema, "Haya. Wanawake tu."

Kesho yake akina mama wakaimba weee. Zabron alipotoka kupeleka sukari stoo, mama mdogo akafunga mlango, akamlaza Bibi ubavu, akashika shuka jipya, akalivuta. "Tazameni," akasema. Wimbo ukakatika. Mama Aurelia, mwenyekiti wao, akalia palepale. Na mmoja wao akanyanyua simu.

Mama mdogo hakuiona ile simu.

Mimi video ilinifikia saa kumi na mbili jioni. Nikaituma magrupu matatu, naona nafanya jambo jema kabisa, ndipo nikaitambua ile sauti inayosema "tazameni".

Zabron hakumaliza wiki, aliondolewa. Siku hizi wale wazee wanakunywa maji hata usiku. Bibi Tadea akapelekwa hospitali, akalazwa, na huko mtoto wa mgonjwa wa jirani akamchungulia: "Bibi, siyo wewe wa kwenye video?"

Mama mdogo alipofika na chupa ya uji, Bibi akamwambia maneno matatu. "Ulisema wanawake tu." Akageukia ukutani.

Siku tisa mama mdogo alipeleka uji. Bibi alikunywa, lakini hakusema naye tena. Siku ya kumi akafariki.

Huku nyumbani maneno yakawa mengi. Watu wa ziwani hawana haya, kamvua mzee nguo dunia nzima ione. Nikamwambia, "Mama mdogo, waambie basi, siyo wewe uliyerekodi."

"Niliyeahidi ni mimi," akasema.

Siku ya msiba mwili ukaletwa, akina mama wakaingia chumbani kuosha. Mama mdogo akaja na beseni lake na kitambaa. Mama Aurelia akasimama mlangoni.

"Wewe umeshamwonyesha vya kutosha."

Mlango ukafungwa. Mama mdogo akakaa chini, kwenye udongo, miguu ameinyoosha, beseni mapajani. Hakulia. Mimi nilikuwa nimeleta ndoo ya maji nikabaki nimesimama, sijui niiweke wapi. Ndani walikuwa wanaimba polepole. Baadaye wakaacha. Wanaume kule nje wakaanza kuangaliana.

Mlango ukafunguka. Mama Aurelia, mikono imelowa hadi kwenye viwiko.

"Otilia."

"Abee, mama."

"Hapa mgongoni... kila tukigusa, ngozi inatoka." "Wewe ulikuwa unamshikaje?"

Mama mdogo akainuka, akajikung'uta vumbi. "Msimbingirishe," akasema. "Wawili mniwekee mikono chini ya mabega, mnyanyue kidogo tu. Mengine nitafanya mimi."

Akaingia. Kabla hajagusa maji alivua khanga yake ya begani, akaenda dirishani, akaliziba lote, pembe mpaka pembe.