Mwanafunzi wa chuo alifunga mlango wangu mchana, posa ya binti yangu ikasimama

Wakuu, habari za humu. Wadogo zangu, shikamoo zenu nimezipokea hata kabla hamjatoa.

Haya ninayoandika mengine niliyaona, mengine niliyasikia nikiwa jikoni kwangu. Sijaongeza kitu. Majina nimebadilisha, maana wengine hawapo tena wa kujitetea. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta nimekosea mahali, someni mpite.

Juzi kuna mtu humu aliuliza kama awafungulie hawa wanaopita majumbani na maswali ya utafiti wa afya. Karibu wote mkamwambia awafukuze. Mimi sikukomenti. Langu ni refu, nikaona nilianzishie uzi wake.

Ilikuwa miaka ya tisini, nakaa Kamuli. Siku hizi ni Kyerwa, wakati ule yote ilikuwa Karagwe.

Mume wangu alikuwa amefariki muda si mrefu. Aliumwa kifua, akakonda, akaondoka. Wakati ule mtu akikonda kabla ya kufa watu hawaulizi, wana jibu lao tayari. Ule ugonjwa tuliokuwa tunauita Juliana, UKIMWI wa leo, ulikuwa umeshazika watu wengi sana huku kwetu. Kwenye msiba wangu watu walikula, wakalia, wakaondoka wananiangalia mikono kama imepungua.

Nilibaki na binti yangu Koku. Yeye ndiye aliyemuuguza baba yake. Alikuwa ameshaposwa na kijana anaitwa Deus, mtoto yatima aliyelelewa na shangazi yake, Ma Justa, kilima cha pili kutoka kwangu. Posa ilikubaliwa, rubisi ya kwanza, ile pombe yetu ya ndizi, ilinyweka, tulibaki kupanga siku tu.

Ndipo wakaja watu wa chuo.

Mkubwa wao aliitwa Daktari Lusekelo. Msidhani alikuwa anatibu. Udaktari wake ulikuwa wa kusoma na kufundisha: jinsi hofu na mawazo yanavyomfanya mgonjwa, na yanavyomfanya yule anayemuuguza. Alikuja na wanafunzi wake wajifunze kazi hiyo majumbani kwa watu.

Mimi nikasema moyoni, mtu anakuja kuulizia ugonjwa hana hata kidonge mfukoni, huyu ana lake.

Mwenyekiti wa kijiji akanipangia mwanafunzi mmoja alale kwangu, kwa kuwa nyumba yangu haina mwanaume. Binti mmoja wa Tanga, anaitwa Rehema. Kiswahili chake kimenyooka mpaka watoto wa jirani wakawa wanamwita Redio. Mpole, anafua, anamenya ndizi vibaya lakini anamenya.

Nilimpenda, sikumwamini. Hivyo ni vitu viwili.

Kila jioni Daktari alikuwa anakuja uwanjani kwangu kumsikiliza Rehema kazi ya siku. Mimi nipo jikoni, ukuta wa jiko langu ni matete, nasikia kila kitu.

"Usiniambie amejibu nini," Daktari anasema. "Niambie wewe ulikaa wapi."

"Kwenye kiti."

"Na yeye?"

"Kwenye mkeka."

"Kwa hiyo alikutazama kama anatazama polisi. Kesho?"

"Mkekani."

"Na alipolia?"

"Nilimbembeleza."

"Ulimbembeleza apate nafuu, au anyamaze wewe upumue?"

 Daktari hangoji jibu, anamwacha hivyo hivyo na swali lake kama mtu kaachiwa mzigo kichwani. Halafu anaaga, anapanda baiskeli anaondoka.

Wakuu, nilikosa usingizi. Mwalimu gani huyu hataki majibu? Umetoka huko mbali, umepanda magari mpaka Omurushaka, umekuja huku vilimani kuuliza watu, halafu majibu huyataki? Nikasema hapa tunafichwa kitu.

Nyumba za kuulizwa zilichaguliwa kwa vikaratasi kwenye kofia ya mwenyekiti, mbele ya watu. Za wenye wagonjwa na zisizo na wagonjwa, zote zimo. Daktari alitaka yangu isiwekwe kwa sababu mwanafunzi wake analala kwangu. Nikamkatalia pale pale mkutanoni. Nyumba ya mjane ikirukwa si ndiyo watu watasema inajulikana?

Ikawekwa. Ikatoka. Na ya Ma Justa ikatoka.

Sasa hapa ndipo pa kuelewa. Kwetu mchana mlango wa mbele hauna kazi ya kufungwa kama watu wamo ndani. Anayepita anasalimia, anaona mnachokula, anaendelea. Hawa wenzetu utaratibu wao ni faragha. Anaingia na mtu mmoja, mlango unafungwa, wengine mnatolewa nje. Kwao ni heshima. Huku watu wakaanza kupima ugonjwa kwa mlango. Ukifungwa kidogo, nyumba ni nzima. Ukikaa sana, basi mmeisha.

Siku ya kwangu Rehema aliingia na Koku. Mimi nikapelekwa kibanjani. Nimepogoa migomba, nimekata majani makavu, nimekaa, nimesimama, mlango bado. Wanawake wanaotoka mtoni walipita na ndoo wanaangalia mlango wangu, wanarudi tena wanaangalia.

Koku alipotoka macho yalikuwa mekundu. Nikamuuliza mmeongea nini. Akaniambia, "Mama, mambo tu."

Wiki haikuisha, mshenga Ta Bonifasi akaja. Nikampa kahawa ya kutafuna, akaizungusha mdomoni muda mrefu.

"Mama Koku, wenzetu wanaomba wapumzike kidogo."

"Wamechoka nini, wamelima?"

"Waitu, ndugu yangu, usinikasirikie mimi. Mimi nimetumwa."

"Waliokutuma wamesikia nini?"

Akaangalia mlango wangu. Basi. 

Mnajua maana yake? Posa ikikatika wakati ule, kwa sababu ile, hakuna mwingine anayekuja. Binti anakaa hapo anazeeka mzima wa afya, na watu wanamsubiri afe.

Jioni nikamshika Rehema.

"Unakula ndizi zangu, unalala kitanda cha mtoto wangu. Niambie Koku alikuambia nini."

"Mama, siwezi."

"Ana ugonjwa?"

"Mama, siwezi kusema ana wala hana."

"Basi toka uwatangazie watu kwamba hakuna kitu! Hilo ni zito gani?"

Alilia yule binti. Lakini hakusema. Nikamwambia alie vizuri, mimi simbembelezi, mwalimu wake amekataza. Koku akacheka kule ndani, nikamkaripia na yeye.

Daktari alipokuja sikungoja akae. Nikamwambia mwanafunzi wako ameua posa ya mtoto wangu, sasa aseme mbele ya watu kwamba nyumba hii ni salama, amalize alichoanzisha.

Alivua miwani. Akasema, "Mama Koku, mlango ule kosa ni langu. Niliwafundisha wafunge kama tunavyofunga ofisini kwetu, sikuuliza huku mlango uliofungwa unasema nini. Kuanzia kesho watakaa na watu migombani, mahali pa kuonekana pasipo kusikika. Lakini hilo la pili silifanyi. Akisema kwako hakuna, nyumba atakayoinyamazia kesho ameitangaza."

"Hizo nyumba nyingine mimi zinanihusu nini?"

"Labda hazikuhusu. Ila nao walifungua mlango kama wewe."

Nilimwona mjanja. Watu waliosoma wana maneno ambayo ukiyasikia huna la kujibu, halafu shida yako bado ipo pale pale.

Siku mbili hazikupita, Ma Justa akaja mwenyewe. Hakujua kwamba nipo jikoni. Alimkuta Rehema anafua, akaweka chini kuku jike amefungwa miguu.

"Mwanangu, nimekuletea mboga. Sitaki uniambie neno. Tikisa kichwa tu. Humu ndani ni salama?"

"Mama, sitikisi."

"Hata mimi mkwe?"

"Hata angekuja mama yangu mzazi."

Ma Justa akasogea karibu. "Na wakija watu kukuuliza ya kwangu?"

"Watajibiwa hivi hivi."

Nilichungulia kwenye matete. Nilitegemea nione mtu amekasirika. Wakuu, yule mama alishusha pumzi, mabega yote yakashuka, kama mtu aliyetua mtungi. Akasema asante. Akaondoka.

Na kuku akamwacha.

Hapo akili yangu ikaanza kufanya kazi. Mtu ukija na kuku kununua neno, ukanyimwa neno, si unaondoka na kuku wako? Kwa nini alimwacha? Ina maana alichokuja kukitafuta alikipata. Na alichopata ni kimya.

Nikambeba yule kuku mpaka kilima cha pili. Nilimkuta anaanika kahawa, anaisambaza kwa mkono.

"Kuku wako."

"Nilimpa mtoto."

"Mtoto hakukupa kitu. Ulikuwa unanunua nini, Justa?"

"Mama Koku, una macho mabaya wewe."

"Ninayo. Nijibu."

Alikaa chini kwenye kahawa yake. Aliangalia barabarani kwanza, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Ni mimi. Si mtoto. Nilipimwa mbali, ambako hawanijui. Deus hana habari. Nilimwambia yule binti siku wamefunga mlango kwangu, nikaenda kulala, usingizi ukakataa. Nikasema kama ana mdomo, nitajua kwa kumuuliza ya mwenzangu."

"Na posa umeisimamisha kwa nini?"

"Nilisikia mlango wako ulifungwa sana kuliko wangu. Nikaona kama na wewe unalo langu, hao watoto wataanza kuuguza siku ya harusi. Huku mimi, kule wewe. Wataishi saa ngapi?"

Nitawaambia ukweli. Nilimwonea huruma, na sikumwamini. Mtu anayeumwa anaweza kusema "ni mimi" ili amfunike mtoto wake. Mimi ningeweza kufanya hivyo kwa Koku bila kufikiri.

Nikamwambia, "Deus akapime."

"Unamwita mtoto wangu mgonjwa?"

"Na Koku akapime. Nimetaja na wangu."

Alinitukana kidogo, kwa Kinyambo, matusi ya zamani ambayo sikuwa nimeyasikia tangu bibi yangu afe. Nikamwacha amalize. Alipomaliza akasema sawa, na kwamba yeye mwenyewe atamwambia Deus kuhusu ugonjwa wake kabla hajaenda kupima. Akamwambia kweli. Deus alikuja kwangu kesho yake mchana, kila mtu anamwona, akamwomba Koku waende pamoja.

Walikwenda hospitali. Wakati ule majibu hayatoki siku hiyo, unarudi tena kuyafuata. Siku ya kuyafuata sikula. Nililima mahali palipokwisha kulimwa.

Walirudi jioni jua bado lipo. Deus alinisalimia akapitiliza kwao. Koku akavua viatu, akanawa miguu, akaingia jikoni kumsaidia Rehema kumenya ndizi.

"Enhe?" nikasema.

"Tumeenda, mama. Harusi ipo."

"Mmeambiwaje?"

"Tumeambiwa sisi wawili."

"Mimi ni mama yako!"

"Ndiyo, mama. Na tumeambiwa wawili."

Nikamgeukia Rehema. "Wewe ndiye umemfundisha hivi?" Akasema, "Mama, hata mimi sijui walichoambiwa." Nilimtazama sana usoni. Kwa mara ya kwanza tangu aje kwangu, nikaona hanifichi.

Ningeweza kukataa. Mahari ilikuwa haijapokelewa yote, wajomba zake Koku wangenisikiliza. Nilikaa na hilo jambo. Watoto wangekuwa na jibu baya, wangesema harusi ipo? Wengine wangesema. Kungekuwa na jibu zuri, si angenirukia shingoni? Koku si mtu wa kurukia shingo. Kila upande niliogeuza ulikuwa na tundu.

Asubuhi nikamwita Ta Bonifasi, nikamwambia, "Waambie waliopumzika waamke."

Nilimtoa binti yangu bila kujua. Msinisifu. Nilicheza harusini huku nawaangalia shingo zao kama zimekonda.

Na miaka iliyofuata kila alipokuja kunisalimia nilimshika mkono juu ya kiwiko, kama napima kuku wa kununua. Ma Justa alifariki baadaye, Koku ndiye aliyemuuguza, na mdomoni kwangu hakikutoka kitu mpaka leo ninapoandika, tena bila jina lake. Koku na Deus wapo, wana watoto wakubwa, Koku amenenepa mpaka anahema akipanda kilima. Majibu yale sijawahi kuambiwa. Sijauliza tena.

Sasa nyie mnaosema wafukuzwe. Mimi bado nawashuku, nawaambia wazi. Wapo wanaokuja kuchukua shida za watu wakaandikie vitabu na hawarudi. Lakini akija mmoja mlangoni kwako, usimuulize barua ya serikali peke yake. Muulize ya jirani yako. Muulize kwa upole, mpe na kiti, mpe na uji. Akikusimulia, mtoe hapo hapo, na fimbo uwe nayo karibu. Akikunyima, mtandikie mkeka.

Nimemaliza yangu. Kuna mzee humu ameandika kwamba siri ni ya nyumba nzima, si ya mtu mmoja, na mzazi ana haki ya kujua majibu ya mwanawe. Wakati ule ningempigia makofi. Leo sijui. Nyie mliosoma hiyo saikolojia ya afya, na nyie wazazi wenzangu, mngemtoa binti kwa jibu kama lile nililopewa mimi? Semeni bila kunionea haya.