Fundi Kaza na Tone la Kwanza

Mtaani kwao walimwita Kaza, na jina lenyewe hakulitafuta. Alirithi begi la spana kwa baba yake, fundi bomba, na tangu usichana wake kazi ilikuwa moja: pakivuja, kaza. Masinki, matangi, mabomba ya vyoo, vyote vilipita mikononi mwake, na mkono wake wa kulia ukiona tone ulikuwa hauombi ruhusa, unakwenda wenyewe. Hata akialikwa kwa watu alishindwa kula kwa raha kama koki ya jikoni inadondosha.

Aliyeteseka ni mama yake. Neno "inavuja" mama huyo alilichukia kuliko tusi. Miaka nenda miaka rudi, chakula kikishapakuliwa tu, simu inalia: "Fundi, njoo, inavuja!" Kwanza alikuwa mume anayeiacha sahani, mume alipofariki, ikawa zamu ya binti. "Hivi maji ya hawa watu hayavuji asubuhi?" mama alikuwa akinung'unika huku anafunika sahani.

Sasa mtu kama huyu alifikaje kwenye vyombo vya anga? Kwa kuvuja, kwani kwa nini kingine! Aliitwa kutengeneza choo kwenye karakana moja inayounda betri za kwenda angani, akakuta wahandisi watano wanahangaika, hawajui hewa inatorokea wapi kwenye mabomba yao. Akaomba sabuni ya kuoshea vyombo, akapiga povu, akapaka kwenye maungio. Nati ya tatu ikatoa mapovu. "Hii hapa," alisema, akaikaza, akarudi zake chooni.

Wiki iliyofuata mhandisi mkuu, baba mmoja mpole mwenye sauti ya chini, akamwita amfungie mabomba yote ya mtambo mpya. Miezi mitatu ya majaribio. Mtambo ukifanya kazi saa mia moja bila kuzimika, Kaza anaajiriwa. Ukizimika, anarudi kwenye masinki yake.

Mtambo wenyewe ulikuwa sanduku lisilozidi jiko dogo. Unaulisha hidrojeni upande huu, oksijeni upande ule, zinakutana ndani ya seli, zinatoa umeme, na kinachobaki ni maji safi. Chombo cha anga kikiwa kivulini, hutumia umeme huo. Kikirudi juani, umeme wa jua unayatenganisha maji yale yawe tena hewa zile zile, na mchezo unaanza upya. Kwa hiyo ni betri ya kuchaji kama nyingine, ila hii ikiisha chaji unaweza kuinywa.

Jumatatu saa mbili asubuhi wakawasha. Wageni wawili waliotumwa na waunda chombo walikaa na madaftari mbele ya skrini. Mstari wa kijani ulikuwa umeme. Chini yake mstari mwekundu. Wa kijani ukigusa mwekundu, mtihani umekwisha, kila mtu kwao. Kaza alikuwa nyuma ya mtambo akikagua nati zake. Chupa ya kukingia maji ilikuwa bado haijaletwa, maana maji hayakutarajiwa mapema hivyo.

Tone likachungulia kwenye ncha ya mrija.

Mkono ukaenda kwenye koki ya mrija. Robo ya mzunguko, krii, pakavu! Akapangusa mrija kwa tambara, akahamia nati nyingine, roho yake kwatu.

Hazikupita dakika ishirini, mstari wa kijani ukaanza kushuka. Mhandisi mkuu akasogea, akatazama, mabega yakamwanguka. "Ni seli zangu," alisema. Miaka sita alikuwa akizihangaikia seli hizo. "Zimeshindwa. Tuzime kabla hazijaungua." Mgeni mmoja akashika kalamu.

Kaza akautazama ule mrija mkavu. Kama seli zinatoa maji, maji yako wapi? Yamebaki ndani, yanazizamisha! Jamani, mkono huu! Kunyamaza ilikuwa rahisi, hakuna aliyemwona. Lawama zingemwangukia baba wa watu, yeye angepewa pole na kupelekwa getini. Aliogopa, tena aliogopa sana. Lakini kumwona yule baba akizilaumu seli zake bure, hapana, hilo lilimshinda.

"Mkuu, usizime! Ni mimi. Nimeifunga."

"Umefunga nini?"

"Koki ya maji. Ilikuwa... si ilikuwa inavuja!"

Akailegeza. Maji yakatoka kwa kishindo, yakawalowesha wageni viatu. Mstari wa kijani, uliobakiza unywele kugusa mwekundu, ukasita. Kisha ukapanda, ukapanda, ukarudi kwake.

Mgeni mwenye kalamu akakung'uta kiatu. "Tulikuja na swali," alisema. "Tulitaka kujua seli zikizama kwenye maji yake yenyewe zitajiokoa? Tumeshaona." Mhandisi mkuu akacheka mpaka akavua miwani afute machozi. "Fundi, kuanzia leo wewe si Kaza," alisema. "Wewe ni Legeza."

Ijumaa saa sita mchana, saa ya mia ilitimia. Fundi wetu, barua ya ajira mkononi na furaha imemjaa hadi kooni, akampigia mama yake, ambaye ndiyo kwanza anapakua.

"Mama, inavuja."

"Ya nani tena, jamani? Hata chumvi sijaonja!"

"Yetu, mama. Saa mia moja sasa, inavuja tone kwa tone, haijazimika. Nimeajiriwa!"

Mama akautupa mwiko, akatoka mlangoni mbio, simu bado sikioni, akipaza sauti mpaka mwisho wa mtaa: "Jirani wee! Inavuja! Ya mwanangu inavuja!"

Na jirani, mtu wa watu, akaja mbio na ndoo na tambara la kudekia.