Udongo wa Chumvi kwa Ng'ombe wa Mama

Tangu tumzike mama, ng'ombe wake alikataa kushusha maziwa. Kaka yangu alijaribu, mke wake akajaribu, hata mimi niliyekuja matangani kutoka Nairobi nikajaribu. Alitutazama tu huku akicheua, na ndoo ikabaki kavu. Kaka akasema ng'ombe wa namna hiyo ni nyama. Akampigia simu mchinjaji wa sokoni, wakakubaliana aje kesho yake asubuhi.

Siku hizo sikuwa naongea na mtu. Lakini nilijua kwamba ng'ombe yule akienda, hakitabaki kitu cha mama chenye pumzi.

Mama mdogo, ambaye ni mdogo wake mama, alinikuta nyuma ya zizi nikilia. Akaniambia mama alikuwa akipanda mlimani hadi pangoni kumletea ng'ombe wake udongo wa chumvi. Kwetu Elgon ni desturi ya zamani: unakwangua ukuta wa pango, mifugo inalamba. Siku hizo hakuna aliyepanda, maana mpandaji tulikuwa tumemzika.

Tukaondoka baada ya chai, sisi wawili, na gunia na jembe. Nilijiamini. Kule Kware, Nairobi, naishi ghorofa ya sita na maji hayafiki juu, kwa hivyo nikitoka kazini Industrial Area huwa napandisha mitungi kwa ngazi. Nilidhani mlima ni ngazi tu. Hata mashamba ya vitunguu hatukuwa tumeyamaliza, nami nimeshika kiuno. Mama mdogo alikuwa mbele akiimba wimbo wa kanisa. Akaniuliza kama huko ghorofani huwa napanda au nabebwa.

Msituni mbega walituruka vichwani, mmoja akakojoa, nusura aniogeshe. Tulipofika kwenye mdomo wa pango mama mdogo akapiga makofi. Alisema ni heri kubisha hodi, kwa sababu tembo nao huja kulamba, na ukimkuta ndani humwulizi amefuata nini. Waliotoka ni popo tu. Ukutani kulikuwa na alama nyingi za majembe. Nilitafuta ya mama, sikuitambua, nikakwangua popote.

Kisha nikafanya jambo ambalo ni mtu wa Kware tu angelifanya. Kule sisi wanawake hununua odowa dukani, yale mawe laini ya udongo, tukayatafuna kama peremende. Udongo wa pango ulifanana nayo. Nikatia kipande mdomoni. Kilikuwa kichungu, kikali kwa chumvi, na kilinuka popo. Nilitema mpaka machozi yakanitoka.

Mama mdogo akanipigapiga mgongoni.

"Sasa mwanangu," akasema, "kesho mchinjaji akija tumpe ng'ombe yupi?"

Kicheko kilinitoka bila ruhusa. Kilikuwa cha kwanza tangu msiba, na hakikutaka kwisha. Mvua ikatukuta tukishuka, nyasi za mteremko zikawa utelezi. Mama mdogo, bibi mwenye wajukuu, akaketi chini, akakunja rinda lake katikati ya miguu na kujiachilia. Nikamfuata nimekumbatia gunia. Tulifika bondeni tumejaa matope, tukicheka mpaka mbavu zikauma.

Hatujafika nyumbani, ng'ombe akalia kutoka zizini. Kaka alitoka nje kuangalia ni nani amekuja.

"Dadangu alikuwa akishuka huko akicheka peke yake," mama mdogo akaniambia. "Hicho chako ni kicheko chake."

Nikamwekea ng'ombe udongo, akalamba. Nikaketi kwenye kigoda cha mama, matope hadi masikioni, bado natetemeka kwa kucheka. Maziwa yakaja, kidogo kwanza, kisha yakapiga ndoo kwa kelele. Sijui kama ni chumvi au ni kicheko, na sitadanganya kwamba najua. Kaka alimpigia mchinjaji simu asije, akatukanwa, naye akayapokea matusi kwa adabu.

Sasa nimerudi Kware. Jioni ng'ombe akigoma, kaka hunipigia, anaweka simu kwenye sikio la ng'ombe na kuniambia nicheke. Si rahisi kucheka kwa kuagizwa. Basi naweka mtungi wangu chini katikati ya ngazi, namkumbuka mama mdogo akiteremka mlima kwa makalio. Majirani hunipita wakitikisa vichwa, na kule mbali nasikia ndoo ikianza kulia.