Nilimujibia Mama Mukwe mbele ya Munganga

Kosa ni langu. Musimutafute muntu mwingine, hata yule munganga muzungu niliyemulaumu miaka yote! Miye njo nilisema uongo.

Wakati wa Wabelgiji nilikuwa musaidizi katika lopitali hapa Kindu. Nilifunga vidonda, nilichemsha sindano, tena nilitafsiri, maana munganga alijua Kiswahili cha "lala" na "fungua kinywa" tu.

Mama mukwe wangu alivunjika nyonga pale bandarini. Magogo ya kuni za masuwa, zile meli za mutoni, yaliporomoka yakamubana. Munganga alimupasua, akaunga mifupa, akamuwekea mupira wa kutoa mukojo. Mifupa ikashika, akaanza kutembea na fimbo. Tukashukuru Mungu!

Mupira ulipoondolewa, munganga akasimama kando ya kitanda cha mama, na mama anayeogesha wagonjwa wanawake alikuwa hapo pembeni. "Muulize, anasikia mukojo ukimushika? Unatoka wote? Unavuja akikohoa?"

Jamani! Mama mukwe! Nikikutana naye njiani ninamupisha, macho chini. Yeye njo alikuwa akifunda mabibi-harusi wa mutaa wetu wa Waislamu. Nimuulize habari ya mukojo mbele ya wagonjwa?

Nikamuambia, "Mama, munganga anauliza kama umelala vizuri."

"Vizuri, mwanangu. Mungu amubariki."

Nikamugeukia munganga kwa Kifaransa: "Anasema hakuna shida."

Munganga alikuwa na mupira mukononi, tayari kupima mukojo unaobaki ndani. Akaurudisha. "Basi, aende nyumbani."

Ningesema pale! Pale pale!

Nyumbani akaanza kujifunga vitambaa chini ya kanga. Akakataa kwenda kwenye harusi. Halafu akaacha kuswali, eti hana twahara. Yeye, mama wa swala tano!

"Mama iko na nini?" bibi yangu, binti yake, akaniuliza.

"Ni uzee," nikajibu. Na harufu nilikuwa naisikia! Muntu wa lopitali miye! Najikasirikia mpaka leo.

Kisha homa ikamuangusha, tumbo limevimba. Tukamurudisha lopitali, munganga akamuingizia mupira, mukojo ukatoka beseni nzima. Kumbe kibofu kilikuwa kimejaa wakati wote, ule uliovuja ni uliofurika tu. Ajali ilikuwa imeumiza mishipa yake. Munganga akasema kama angejua mapema, angemufundisha mama kujitoa mukojo kwa mupira kila siku. Sasa figo zimeharibika.

Akanitazama. "Si wewe ulisema hakuna shida?"

"Anasema nini?" mama mukwe akauliza.

Safari hii nilimutafsiria yote, neno kwa neno, na uongo wangu ndani yake. Nililia kama mutoto.

Halafu akasema, "Mwanangu, ulinionea haya. Lakini yule mama anayetuogesha alikuwa amesimama hapo. Kwa nini hukumuambia yeye aniulize?"

Hata wazo hilo halikunijia! Jambo dogo vile!

Hakumaliza masika, tukamuzika. Bibi yangu bado ananipikia, lakini akisikia nasema nilifanya vile kwa heshima, anatoka nje.

Ninyi munaotafsiri kwa waganga, musijibu kabla ya kumuuliza muntu! Ukiona haya, ita mwanamuke mwenzake. Na wewe uliyevunjika nyonga, mukojo ukikataa au ukivuja, usingoje kuulizwa. Mushike munganga mukono, umuoneshe mahali penye shida.