Barua Isiyo na Muhuri

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Nimeona theluji mwezi wa nne. Nimeona mtu akimvalisha mbwa koti lenye mifuko, nikajiuliza mbwa ataweka nini mfukoni. Mimi niliishia darasa la saba, Kondoa, na leo wenye shahada zao hunipigia simu wakiniita bwana, wananibembeleza mzigo ufike Alhamisi. Kwa hiyo binti yangu aliponiwekea ile barua mezani, sikushangaa. Nilishuku. Hayo ni mambo mawili tofauti: anayeshangaa hufungua mdomo, anayeshuku hufumba.

Kwanza mjue anayesema haya ni nani. Nilipofika Toronto nilikuwa nikipakia mizigo kwenye ghala moja huko Malton, jirani na uwanja wa ndege. Mle ndani kila siku walitupa paleti, yale majukwaa ya mbao yanayobeba mzigo na foko, ile mashine ya kunyanyulia, ikayainua. Ubao mmoja ukivunjika, paleti nzima jalalani. Wenzangu waliona takataka. Mimi niliona mbao kumi nzima na moja mbovu. Nikaomba nizichukue, wakanipa huku wakinicheka. Nilianza na nyundo moja na gari la kuazima. Sasa nina yadi yangu Downsview, malori mawili, wafanyakazi sita, na lile ghala lililonicheka linanunua paleti kwangu. Sikusaidiwa na mtu. Kila karatasi niliyoitia sahihi nimeisoma mara tatu, hata kama mara ya tatu nasomewa na mke wangu.

Ilikuwa Jumatatu, tunakula ugali na mlenda. Binti yetu alikuwa na miaka kumi na saba, mwaka wake wa mwisho wa sekondari. Kiswahili anakisikia chote, ila kujibu hujibu kwa Kiingereza, na hapa maneno yake nimeyarudisha nyumbani.

"Baba, nahitaji sahihi yako kabla ya Ijumaa saa tisa alasiri."

"Ya nini?"

"Nitakuwa naenda chuo kila Jumanne. Siku nyingine niko shuleni kama kawaida. Nikifaulu, somo linahesabiwa mara mbili, shuleni na chuoni."

"Kazi moja, inahesabiwa mara mbili?"

"Ndiyo, Baba."

"Na wanataka kiasi gani?"

"Bure."

Nikalirudisha tonge kwenye sahani.

Masomo bure, vitabu bure, hata nauli ya basi wanatoa wao. Mke wangu akasema, "Alhamdulillahi." Nikamwambia asiharakishe kushukuru, hatujamjua anayetoa ni nani na atarudi lini kudai.

"Somo lenyewe ni lipi?"

"Useremala."

Hapo ndipo waliponigusa. Mimi mwenye yadi imejaa mbao, mtoto wangu akafundishwe kupigilia misumari na watu baki?

"Njoo yadi Jumamosi, nitakufundisha mimi."

"Nimekuja Jumamosi tangu nina miaka kumi. Wewe hupimi, Baba. Wewe unakisia."

"Nimekisia mpaka nikanunua nyumba hii unayokulia ugali!"

"Ndiyo maana mlango wa bafuni haufungi," akasema mama yake, na wote wawili wakacheka.

Sikucheka. Nilikuwa naigeuza ile barua, mbele na nyuma. Karatasi nyeupe, safi, imetoka kwenye printa ya hapo hapo nyumbani. Ina jina la chuo, ina mstari wa sahihi ya mzazi. Muhuri haina.

Sasa kuhusu muhuri. Nilipomaliza darasa la saba sikuchaguliwa. Baba yangu akauza ng'ombe wawili, akampa mtu mmoja mjini aliyesema ana njia. Baada ya mwezi barua ikaja: nimepata nafasi kidato cha kwanza, nije na godoro, ndoo, jembe na fyekeo. Baba akaninunulia sanduku la bati, la bluu. Nikasafiri nalo siku nzima, na kutoka barabarani nikalibeba kichwani hadi shuleni. Mkuu wa shule akaipokea barua yangu, akaitazama mbele, akaitazama nyuma, akaniuliza, "Muhuri uko wapi?" Nilidhani anamaanisha kitu kilichomo sandukuni, nikaanza kulifungua. Wanafunzi walikuwa wamesimama madirishani. Usiku nikalala kwa mpishi wa shule, asubuhi nikarudi nyumbani na jembe langu. Tangu siku hiyo, karatasi isiyo na muhuri kwangu ni karatasi ya kufungia maandazi.

"Muhuri uko wapi?" nikamwuliza binti yangu.

"Muhuri gani?"

Nikaikunja barua nikaitia mfukoni.

Jumanne nikamweleza mfanyakazi wangu wa muda mrefu pale yadi, Mkongo wa Bukavu, mtu wa kanisa, anayeniita Patron, yaani bosi, hata akiwa amekasirika. Yeye aliendelea kung'oa misumari.

"Patron, weye unalia nini? Banataka kusomesha mtoto bure."

"Hakuna cha bure. Leo wanampa nauli, kesho anadaiwa mkopo mpaka anazeeka."

"Na kama ni kweli?"

"Kama ni kweli, kwa nini hawakupiga muhuri?"

Akafikiri. "Apo kwa muhuri uko na haki," akasema. Kwao pia wanajua muhuri ni nini.

Jumatano nikaenda kukiona chuo chenyewe. Sikuegesha kwao, maana maegesho yao ni ya kulipia. Niliacha gari kwenye duka la vyakula ng'ambo ya barabara nikavuka kwa miguu. Mlangoni nikamwuliza mlinzi kama hiki ni chuo cha kweli. Akasema yeye hulipwa kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo anadhani ni cha kweli. Mwanafunzi mmoja nikamwuliza analipa ada kiasi gani, akaitaja, ni maelfu, na uso wake ulionyesha hanidanganyi. Hapo mashaka yakazidi. Kama huyu analipa maelfu, wangu atasomeshwa bure kwa uzuri gani?

Nikaifuata harufu ya mbao hadi karakana yao. Ina ukuta wa kioo, unaona kila kitu. Wanafunzi wamevaa miwani ya kukinga macho, mwalimu anazunguka kati yao na mikono nyuma. Mimi sikuwatazama watu sana. Nilitazama pipa lao la vipande, lililokuwa nje mlangoni. Hivi ndivyo nilivyofanya biashara miaka yote: mtu anaweza kukudanganya kwa ofisi yake, kwa gari lake, kwa suti yake, lakini jalala lake halijui kudanganya. Kabla sijakubaliana bei na ghala lolote, naenda kwanza nyuma kuona wanatupa nini.

Nikachungulia. Vipande vilikuwa vidogo, vifupi kama vidole, vimekatwa sawasawa, kila kimoja na alama ya penseli. Hakuna ubao uliokatwa ukapungua ukatupwa. Nikakumbuka pipa la yadi kwangu, linavyojaa vipande virefu kama mkono ifikapo Jumatano. Nikachukua kimoja nikakitia mfukoni, nikaondoka kabla mwalimu hajatoka.

Basi chuo kipo, hilo nilikubali. Lakini hata ile shule yangu ilikuwepo. Majengo yalikuwepo, mkuu wa shule alikuwepo. Iliyokuwa haipo ni nafasi yangu.

Alhamisi nikaenda shuleni kwa binti, kwa mwalimu mshauri anayeshughulikia fomu hizo. Mama kijana, mpole, meza imejaa mafaili. Nikampa ile barua nikamwambia naomba aipige muhuri.

"Hatutumii mihuri," akasema. "Sahihi yako inatosha."

"Yangu inatosha kwangu. Mimi nataka ya kwenu."

Akanichapia barua nyingine, mpya, akidhani ile ya kwanza ndiyo mbovu. Nikamweleza tena, polepole. Akafungua droo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwisho akaibuka na kimuhuri kidogo cha plastiki, kina nyota inayocheka, cha kuwapigia watoto waliofanya vizuri.

"Huu unafaa?"

Nilidhani ananidhihaki. Nikamkagua usoni, hakuwa na kicheko hata kidogo. Alikuwa ananisaidia kweli, na hilo likanikera zaidi. Akaniambia jambo moja tu kabla sijainuka: nafasi ni kumi na sita, walioomba wapo wengi, na fomu isiyofika kesho saa tisa, nafasi inakwenda kwa anayefuata.

Nikaondoka na barua mbili, zote bila muhuri.

Jioni binti yangu alikuwa ananisubiri mezani, vitabu amevifunga.

"Umetia sahihi?"

"Hawana muhuri."

Nilitegemea apige kelele, nilikuwa nimejiandaa. Akavisogeza vitabu pembeni. Halafu akasema kwa Kiswahili, Kiswahili chake cha kuvunjika ambacho hukitoa akiumwa au akiogopa tu.

"Baba, mtu alikula ng'ombe ya babu. Hawa wamekula nini ya sisi?"

"Bado hawajala. Wanasubiri."

"Kesho saa tisa nafasi inaenda. Mimi ndiyo nitarudi nyumbani na ile sanduku."

Mama yake akainuka na kuanza kukusanya vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Hadithi ya lile sanduku nimemsimulia binti yangu mara nyingi sana, kila alipozembea masomo. Siku zote anayelibeba nilikuwa mimi. Nikatia mkono mfukoni, nikakuta kile kipande cha ubao. Nikakiweka mezani mbele yake. Akakichukua, akakipima kona kwa kucha.

"Hii ni nyuzi tisini kamili," akasema. "Umeitoa wapi?"

"Kwenye jalala lao."

Ijumaa asubuhi niliamka na jibu. Kama wao hawana muhuri, basi muhuri utatoka kwangu. Kwani karatasi ilikuwa inahitaji nini? Ilihitaji mtu wa kuisimamia. Miaka yote nilikuwa nimeendesha kampuni kwa sahihi tupu, kwa kuwa hapa hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikaenda duka la kuchapa karatasi karibu na yadi, nikamwambia mama mwenye duka nataka muhuri wa mpira.

"Wa mstatili au wa mviringo? Mstatili ni nafuu."

"Mviringo," nikasema. Muhuri wa mstatili ni wa kupokelea barua. Wa mviringo ndio wa kuamulia mambo.

Jina la kampuni juu, Toronto chini, tarehe katikati, wino wa bluu. Akasema nirudi baada ya chakula cha mchana. Nikasema nitasubiri hapo hapo. Nilisimama kaunta muda wote nikiangalia mashine, wasije wakatengeneza miwili.

Saa nane na dakika ishirini nilikuwa mbele ya mwalimu mshauri. Nikatia sahihi. Nikapiga muhuri, nusu juu ya sahihi na nusu juu ya karatasi, inavyotakiwa, mtu asiweze kuitenganisha sahihi yangu na jina langu. Mwalimu akaiinua ile fomu.

"Hii ndiyo ya kwanza kupata ya namna hii," akasema. "Inapendeza."

"Itume mimi nikiwa nimesimama hapa."

Akaiskani. Nikasubiri kompyuta iseme imekwenda. Nikaomba nakala, nikaipiga muhuri nayo.

Msiniulize kama nilitulia. Kila siku nilifungua sanduku la posta mwenyewe. Kila bahasha yenye kidirisha, zile za bili, niliifungua nimesimama. Wiki ya pili ya masomo wakasema wanafunzi wa karakana lazima wavae viatu vyenye chuma mbele, nikamgeukia mke wangu: "Umeona? Wameanza." Binti akasema viatu vinatolewa na shule. Nikamwamuru avae vyake vya yadi, asipokee kitu tusichokijua.

Muhula ulipoisha matokeo yakaja, amefaulu, na somo lile moja limeandikwa sehemu mbili kweli: kwenye karatasi ya shule na kwenye karatasi ya chuo. Nilizilaza pamoja nikafuata kwa kidole. Jumamosi iliyofuata akaushusha mlango wa bafuni, akapima, akaukwangua pembeni mahali nisipopadhania, akaurudisha. Ukafunga. Pale yadi sasa kila ubao unapigwa penseli kabla ya msumeno, amri yake, na Mkongo wangu humwita yeye Patron mdogo. Pipa la vipande halijai mpaka Ijumaa.

Bili haijafika hadi leo. Sisemi haitafika, serikali ina kumbukumbu ndefu, na nakala yangu yenye muhuri naihifadhi. Lakini wazazi wakinijia msikitini kuuliza kama ni kweli chuo kinatolewa bure kwa mtoto wa sekondari, huwajibu kwamba mimi sijawahi kupokea cha bure katika maisha yangu na sikupokea hicho. Muhuri wa mviringo ulikuwa dola ishirini na nane. Pamoja na kodi, dola thelathini na moja na senti sitini na nne.