Pacha wa 4417

Mwahija binti Likwata bin Nampunju, wa Milola: mjukuu wa Nampunju aliyechimba kisima kwa jembe la mti, kisima ambacho hakikukauka hata mwaka watu walipokula mizizi, binti wa Likwata aliyekunywa maji ya dawa mwaka wa vita, akatangulia mbele ya bunduki akiamini risasi zitageuka maji, akaanguka wa kwanza, pacha wa Mastura, mke wa Abdurahmani, fundi wa kuziba vyombo vya baharini, mama wa Ziada. Huyo ndiye aliyezijua namba kuliko makarani waliolipwa kuzijua.

Shule ya Mdachi hakuikanyaga. Namba alizisoma shingoni mwa watu.

Vita vilipokwisha, askari walichoma maghala ya Milola, mtama ukiwa humo humo, na njaa ikamalizia kazi yao. Mwahija na Mastura, wanawali wa miaka kumi na mitano, wakachukuliwa mateka, wakapelekwa shamba la pamba. Mlangoni nyapara alikuwa akigawa vibati vyenye namba, kila mtu chake, kamba shingoni. Mwahija ndiye aliyetangulia kuzaliwa, kwa hiyo alisimama mbele kama walivyozoezwa nyumbani. Akapata sitini. Mastura akapata sitini na moja.

Kwao pacha hawatenganishwi. Ukimpa mmoja nguo, umpe na mwenzake. Ukimnyoa mmoja, mwenzake akae papo hapo naye anyolewe. Usipofanya hivyo umeyaita mauti kwa jina lake. Lakini hiyo ilikuwa mila ya Milola, si ya shamba la pamba. Mwezi wa tatu nyapara alifungua kitabu chake akapaza sauti:

"Mpaka sitini, bakini hapa! Sitini na moja kwenda mbele, Rondo, mkakate magogo!"

Mastura akaishika kaniki ya dada yake asiiachie. Nyapara akamgonga vidole kwa fimbo, kimoja kimoja, mpaka vikaachia.

"Mnafanana hivi, nani atajua kapungua yupi?" akasema, na wenzake wakacheka.

Mastura hakurudi. Kilichorudi ni kibati chake, kikavishwa mtu mwingine. Msimu mzima Mwahija alipalilia pamba huku sitini na moja ikining'inia mbele yake, shingoni mwa mwanamke wa Kimatumbi asiyemjua hata jina. Tangu hapo jicho lake halikuipita namba bila kuisoma.

Alipoachiwa alishuka Lindi mjini, akaolewa na Abdurahmani, akaweka karai lake la kukaangia samaki karibu na njia ya askari. Miaka ikapita. Wazungu wakaanza kupigana wao kwa wao, sarafu zikaadimika, na Mdachi akachapa karatasi za rupia moja moja, karatasi nyepesi, wino hafifu. Watu walizipokea kama anayepokea panya kwa mkia. Mwahija alizipokea, akaziinua juani, akasoma namba. Ya kawaida aliitumia. Yenye namba ya ajabu aliitia katika kijaluba cha marehemu mama mkwe, kilichokuwa cha tambuu. Alikuwa na 3333. Alikuwa na 2112, inayosomeka sawasawa ukitokea kulia au kushoto. Alikuwa na moja iliyopigwa namba kichwa chini miguu juu.

Jirani yake, Maftaha, hakuacha kumchokoza.

"Shoga, wenzio twafuga kuku, wewe wafuga karatasi. Zitataga lini?"

"Kuku wako ana namba?"

"Ana mapaja!"

Abdurahmani alicheka akaendelea kusokota pamba ya kuzibia mashua. Hakumkataza mkewe. Alijua kibati cha sitini bado kimefungwa pembeni mwa kaniki yake.

Siku moja askari alilipia samaki kwa karatasi yenye namba 4417. Haikuwa na ajabu, lakini Mwahija aliipenda, akaiweka. Wiki tatu baadaye askari mwingine akatoa rupia yake. Mwahija akaisoma. Samaki wakaungua karaini. Ilikuwa 4417, herufi ile ile mbele yake, kila kitu kile kile. Akaingia ndani, akazilaza pamoja juu ya mkeka, akazifunika kwa kitambaa kimoja.

Mwaka huo huo, kabla Waingereza hawajashuka Lindi, Mdachi alianza kusomba wapagazi wa vita. Abdurahmani alijificha katika chombo alichokuwa akikiziba. Wakamtoa, wakamtia kamba, wakampeleka kambini. Mwahija alikuwa na mimba ya miezi mitano. Habari zikaja kwamba aliyejificha anatozwa faini ya rupia thelathini. Isipolipwa kabla ya Ijumaa, anapandishwa bara na mzigo. Na wapagazi walioondoka mwezi uliopita, hakuna aliyekuwa amemwona hata mmoja akirudi.

Mwahija aliuza karai. Akauza kitanda na vikuku vyake vya fedha. Mwisho akafungua kijaluba: ikatoka 3333, ikatoka 2112, ikatoka ile ya kichwa chini. Alipomaliza, zilikuwa rupia ishirini na tisa, na pacha wawili wamebaki wamelala ndani ya kijaluba.

"Moja tu imepungua," Maftaha akasema. "Toa hiyo moja, hii nyingine ununulie uji. Una mtoto tumboni."

"Hawa hawaachani."

"Karatasi, Mwahija! Hizi ni karatasi!"

"Hata sisi tulikuwa vibati. Nilitenganishwa mara moja, yatosha. Nikimtoa mmoja kumkomboa mume wangu, mume huyo atanifia mlangoni."

Akaenda na thelathini na moja.

Karani wa kambi aliitwa Andrea, kijana wa misheni, shati jeupe, kalamu sikioni. Nyuma yake alikaa Mdachi mkuu wa kambi, ambaye watu walimwita Bwana Meno kwa namna alivyochekelea mambo yasiyochekesha. Abdurahmani alikuwa amechutama na wenzake uani, akamwona mkewe, akainua mkono.

Andrea akahesabu. "Mama, umezidisha moja. Ichukue."

Hapo ndipo angeichukua akaenda zake na mumewe. Badala yake Mwahija akatabasamu, kwa majivuno ya mtu anayeonyesha mtoto wake.

"Hawa ni pacha, bwana karani. Tazama namba. Huwezi kuchukua mmoja."

Andrea akatazama. "Nyamaza, mama," akanong'ona, lakini Bwana Meno alikwishanyoosha mkono. Akazitazama karatasi zile mbili, akacheka.

"Moja ya kweli, moja ya kughushi," akasema kwa Kiswahili chake cha kuamrisha. "Nani ametengeneza?"

"Hakuna, bwana. Zilitoka kwa askari wako."

"Chagua. Nionyeshe ya uongo. Ukipata, mume wako anakwenda nyumbani."

Mwahija alizitazama. Uani Abdurahmani alikuwa amesimama, hajui kinachosemwa, bado anatabasamu. Mkono wa Mwahija ukanyanyuka, ukashuka.

"Zote za kweli, bwana. Zimezaliwa nyumba moja."

Bwana Meno akachukua moja bila kutazama ni ipi, akaiwashia sigara yake. Nyingine akaitupa sandukuni pamoja na zile ishirini na tisa. Mwanamke hachapwi kiboko, akasema, sheria ya Mdachi ina huruma. Akachapwa Abdurahmani, hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, mkewe ameshikwa kichwa na askari wawili asipate kugeuka. Kesho yake, mgongo ukiwa wazi, akatwishwa sanduku la risasi. Alifika Rutamba tu, akaanguka. Aliyekuwa nyuma yake alisema walimruka njiani, maana aliyesimama kumtazama alipigwa.

Ziada alizaliwa, akakua, akaolewa. Mdachi akaondoka, karatasi zake zikafungiwa chumvi. Ndipo mtu mwenye mvi akabisha hodi.

"Shikamoo, mama."

Mwahija akamtambua, asiitikie.

Andrea akatoa karatasi kuukuu mfukoni. Kambi ilipokimbiwa, alisema, sanduku lilimwagika njiani, akaiokota. Ilikuwa 4417.

"Nimekuja unisamehe. Mtambo wao ulirudia namba, mama. Jozi tatu zilikwishapita mikononi mwangu kabla ya yako. Bwana alijua."

"Na wewe?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Nilikuwa na mke."

"Mimi nilikuwa na mume." Akaipokea karatasi. "Unakaa wapi siku hizi?"

"Rondo, mama. Nina watoto sita."

"Nenda."

Alipotoka, Mwahija akamwita Ziada, akamwekea karatasi kiganjani, akamkunja vidole, kimoja kimoja.

"Umesikia anakaa wapi. Kila Krismasi, wakishakaa kula, yeye na watoto wake wote, piga hodi uingie. Mwonyeshe, asiiguse. Aisome namba kwa sauti, watoto wasikie. Wakiuliza ni ya nini, awaambie mwenyewe. Kisha urudi nayo."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka afe."

"Na ukitangulia wewe?"

"Ndiyo maana nakupa wewe."